Sajini Hesbon Wabwile na Nishani Aliyoitilia Shaka

Wasifu huu unasomwa na binti yake, Emmy Nasambu, kwa niaba ya familia

Waombolezaji wapendwa, marehemu mwenyewe ndiye aliyechagua msomaji. Alisema asisome mtu mwenye mazoea ya kuongeza.

Mzee Hesbon Wabwile alizaliwa tarehe 14 Machi 1944 karibu na Kimilili, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Khaemba na marehemu Mama Nasambu. Alisoma hapo hapo Kimilili hadi darasa la nane, mwaka wa 1961. Mwalimu alipofundisha kwamba dunia inazunguka, Hesbon hakukubali mpaka aliposimamisha kijiti uwanjani na kufuatilia kivuli chake juma zima.

Mwaka wa 1964 alijiunga na jeshi, akachaguliwa kuwa askari wa miavuli. Aliruka kutoka ndege mara arobaini na moja. Kila mara, alisema, alimtazama machoni aliyemkunjia mwavuli, na hakuna hata mmoja aliyemridhisha.

Tarehe 6 Agosti 1966, katika vita vya Kaskazini Mashariki, lori la kikosi chake lilikanyaga bomu la kutegwa, na risasi zikaanza kutoka vichakani. Askari watatu waliumia wakabaki barabarani. Mwaka uliofuata Mzee alitunukiwa nishani ya ushujaa. Barua iliyokuja nayo ilisema: "Koplo Wabwile H. alirudi mara tatu chini ya risasi, akawaokoa wenzake watatu."

Shida ilianzia hapo. Mzee alikumbuka kurudi mara moja tu. Na katika kikosi hicho kulikuwa na koplo mwingine, Hillary Wabwile wa Myanga.

Tarehe 18 Desemba 1971 alifunga ndoa mjini Kitale na Bilha Wakiuru. Baba mkwe wake, marehemu Mzee Kibe, alimshuku. Aliuliza mbele ya wazee, "Mtu anayeruka kutoka kwenye ndege nzima, haijaharibika, huyo ana akili?" Mzee alijibu kwamba hata yeye hujiuliza. Akapewa mke.

Alistaafu mwaka wa 1985 akiwa sajini, akalima mahindi Kiminini na kutumika kama mzee wa kanisa. Kila Siku ya Madaraka majirani walimwomba avae nishani. Hakuvaa. Wengine wakanong'ona kwamba aliinunua. Tuseme ukweli leo: hata sisi watoto tulishuku.

Yeye alikuwa na shaka yake. "Mimi nilibeba mtu mmoja," alimwambia Mama. "Hao wawili walibebwa na nani?" Aliandika barua jeshini kuuliza. Jibu lilikuja la mistari miwili: kumbukumbu ziko sawa. "Unawauliza kama walikosea, wanasema hawakukosea," alisema. "Hilo ni jibu gani?" Akamtafuta Mzee Gathii wa Kitale, mmoja wa wale watatu waliookolewa. Gathii akamwambia, "Nilibebwa kichwa chini, bwana. Niliona buti tu, na buti za jeshi zote ni moja."

Aprili 1998 aliifunga nishani kwenye leso, akaenda nami hadi kwa Hillary, Myanga. Hillary alitukaribisha, lakini macho yake hayakutoka kwenye ile leso.

"Hii ni yako," Mzee alisema, akaifungua mezani.

"Unataka nini kwangu, Wabwile?"

"Uchukue kilicho chako."

Hillary hakuigusa. "Siku hiyo sikubeba mtu. Nilikuwa chini ya lori, nimeziba masikio. Miaka hii yote sijamwambia mtu, hata Phelista hapa hajui. Sasa umenifanya niseme mbele ya mtoto wako."

Mkewe, Phelista, aliacha kumimina chai.

Tulirudi na Mzee hadi Kanduyi. Hapo akasema, "Anadanganya. Hakuna mtu anayejisemea maneno kama hayo bure. Ameona watu wamezoea kuniita shujaa, hataki kuninyang'anya."

"Na kama ni ukweli, Baba?"

Akajibu, "Basi nimemvua nguo mbele ya mke wake."

Hillary alifariki mwaka wa 2011. Mzee alikwenda mazishini, akakaa nyuma, akisikiliza kama wasifu utagusia siku ile. Haukuigusia.

Mwaka wa 2022 figo zake zilianza kudhoofika. Kila dawa aliisoma kwa miwani mbili kabla ya kuimeza. Tarehe 2 Februari 2025 alituita kitandani. "Msinizike na nishani. Mwenyewe akijitokeza, mtanifukua?" Nilimkumbusha kwamba Hillary alishafariki. "Ana watoto," alisema. "Na mkisoma, someni nilibeba mmoja." Aliaga dunia tarehe 9 Februari, saa nne asubuhi, hospitalini Kitale, Mama akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Bilha Wakiuru. Watoto wanne: Munene, Emmy, Khaemba na Gladwell. Wajukuu kumi na mmoja na kitukuu mmoja.

Mama Phelista, tunashukuru umetoka Myanga kuja kumzika pamoja nasi. Nishani iko hapa mezani, mbele ya Mama. Ukitaka kuichukua, hatutakuuliza kitu. Ukiiacha, tutaitunza.

Baba alibeba mmoja. Mungu, ambaye peke yake anajua waliobaki walibebwa na nani, ampumzishe kwa amani.