Kiti Kinachochelewa Kukata Kona

Basi la Kitale lilikuwa linakaribia Bungoma, na Nakhungu alikuwa ameshaacha kujifanya amelala. Kwenye kiti cha mbele yake, Thuo wa Tuwan alikuwa amepakata joistiki, kile kijiti cha kuendeshea gemu, akimlalamikia jirani yake, Mwalimu Wamalwa. Ati ameiunga na kompyuta ndogo, nayo inatuma habari kwa ubao wa saketi unaozungusha mota za kiti cha magurudumu cha dadake Rosaline. Lakini dada akikata kona leo, kiti kinakata kesho.

"Unatuma kila anavyoisogeza?" Wamalwa aliuliza.

"Kila kitu, mwalimu."

"Basi habari zinapanga foleni. Tuma ile ya mwisho tu. Za zamani tupa."

"Nitupe maneno ya dadangu?" Thuo aling'aka. Kule nyuma Nakhungu naye alikasirika, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Walipofika stendi ya Kanduyi, basi lilirudi nyuma kuegesha. "Kuja! Kuja! Simama!" makanga alipiga kelele akimwelekeza dereva, naye dereva akakanyaga breki papo hapo.

"Umeona?" Wamalwa alisema. "Angekuwa bado anatii ile 'kuja' ya kwanza, si tungekuwa kwa mtaro?"

Thuo aliushika mkono wa mwalimu kwa mikono miwili. "Sijakubali, mwalimu. Lakini asante sana. Wengine huniambia tu nimwombee."

Makanga aliwaambia washuke. Thuo alikuwa bado hajauachilia mkono wa mwalimu.