Gari la David Tulinyanyue kwa Kitu Gani?

Benchi letu liko kwenye mteremko wa Kadutu, pale barabara inapojipinda kabla ya kushuka Nyawera. Kwa miaka lilikuwa benchi kilema: mguu mmoja ulining'inia hewani, na kila mtu alipopandisha sauti, kahawa ya mwenzake ilimwagika. Siku hizi limetulia. Kuna jiwe chini ya ule mguu, jiwe zuri lililo bapa juu, na ubavuni lina rangi ya bluu. Hakuna aliyeuliza limetoka wapi. Huku kwetu jiwe la barabarani halina mwenyewe: lori likishindwa na mlima, dereva anashika lolote analitia nyuma ya gurudumu, akiondoka analiacha katikati ya njia, na mwenye shida nyingine analiokota. Basi asubuhi hii benchi limetulia, ila waliokaa juu yake ndio hawana raha.

Nafasi ya David iko wazi. Gari lake lilimwangukia alipokuwa akilitengeneza nyumbani kwake kando ya barabara, hapo juu kidogo tu ya kona, na Jumamosi tulimzika. Makaburini, padri akisikia, tulimwahidi Bibiane, mke wake, kwamba sisi wa kijiweni tutamalizia breki alizoziacha nusu, gari lirudi barabarani na watoto wapate kula. Kuahidi tuliahidi sote, lakini wa kulala chini ya gari ni mmoja. Ni Papa Grégoire, tunayemwita Vitesse, yaani mwendo kasi, kwa kuwa hajawahi kuwahi popote. Ameendesha teksi maisha yake yote, na katika sisi ndiye anayejua breki. Na kazi ni leo.

— Na kriki mi sitaingia, alisema Vitesse, yaani ile jeki ya kunyanyulia gari. Mulisikia? Kriki njo iliua David.

— Kriki haiue mutu, papa, alijibu Glody wa pikipiki, yule Cascadeur, ambaye ameanguka mara nyingi hata anaona kuanguka ni kazi. Ile yake ilikuwa ndogo tu. Tutafute ya crocodile, ile ya magurudumu, inalala chini sawa mamba.

— Ya magurudumu? Kwa huu mulima? Itashuka mbele ya gari, itaenda kutungojea Nyawera.

Hapo akaingia Monsieur Bruno. Alifundisha fizikia mpaka akastaafu, nasi tunamwita Formule. Yeye hasemi jambo bila kuinua kidole.

— Rampe, alisema. Rampe mbili za chuma. Unapandisha magurudumu ya mbele, unazima moteri, unalala chini na roho safi. Bazee balisema: mupanda ngazi hushuka.

— Ashuke? Vitesse aliweka kikombe chini. Ashuke wakati mi niko chini?

— Ni mithali tu, papa.

— Basi uchague ingine. Halafu breki iko ndani ya gurudumu, Monsieur. Gari ikisimama juu ya gurudumu, hiyo gurudumu nitaitoa namna gani?

Formule alishusha kidole, akakitazama, akakiinua tena.

— Kama ni vile, tunahitaji pont. Ile mashine ya garaji, inanyanyua gari yote mpaka juu ya kichwa.

Maman Bintu, mwenye termosi ya kahawa, huwa hasemi mpaka tuharibike kabisa. Alisema:

— Monsieur, jana courant ya umeme ilikuja?

— Ilikuja.

— Na ikafanya nini?

— Ikaenda.

— Sasa gari ikiwa juu na courant inaenda?

— Itabakia juu.

— Na Papa Grégoire?

— Naye atabakia, maman. Mpaka irudi.

Tulicheka kidogo, kicheko cha watu waliotoka kwenye kilio. Nilimwona Vitesse akitazama kule juu, kwenye nyumba ya David, kisha akayaondoa macho haraka.

— Tuchimbe shimo basi, alisema Cascadeur. Fosi. Gari inabakia kwake chini, mutu anaingia ndani ya shimo.

— Kadutu hii? alisema Vitesse. Ukichimba mètre moja tu, unatokea kwa chumba ya jirani.

— Basi tuilaze, alisema Formule. Tuilaze ubavu, sawa vile banalazaka ng'ombe ya kuchoma sindano. Batu kumi upande huu, kamba upande ule. Gogo haliendi ila kwa nyenzo.

— Na mafuta yenye iko ndani?

— Yatamwangika. Maji yakimwangika hayazoleki, lakini mafuta, papa, mafuta yanazoleka.

Cascadeur alikuwa amesimama sasa, amewaka. Alionyesha mlimani, zile nyumba zilizopandana hivi kwamba mlango wa mmoja unatazama bati la mwingine.

— Mungoje, mi nimepata! Cour ya David, uwanja yake, iko sawa na paa ya Maman Elodie wa chini. Si njo vile? Tunalaza miti mbili kutoka kwa cour mpaka kwa mabati yake. Gari inapita juu polepole. Papa Vitesse anasimama kwa mulango ya Maman Elodie, sawa mutu anaanika nguo, ananyoosha mikono, na breki iyo hapa.

— Na Maman Elodie? aliuliza Maman Bintu.

— Aendelee kupika.

— Gari ikiwa juu ya sufuria yake ya sombe?

— Ndiyo! alisema Cascadeur, akipiga kifua. Si banasema, aliye juu mungoje chini?

Akasikia alichokisema. Akakaa.

David alikuwa amengoja chini. Asubuhi ile alikuwa amekwisha kulipandisha gari juu ya kriki, akatushukia hapa akienda Nyawera kutafuta plaketi za breki. Alipopita tena akirudi, kifurushi kwapani, alisimama mbele yetu na kututania: "Leo munakaa wima sawa badéputés bungeni." Tukamwambia benchi limepona. Akacheka, akapanda. Kahawa zetu zilikuwa bado moto tuliposikia ule mlio wa bati, na baada yake sauti ya Bibiane. Naisikia mpaka leo nikitaka kulala, na najua wenzangu pia wanaisikia, ndiyo maana tunaongea sana.

— Tungeleta rampe mapema, alisema Formule polepole, angekuwa hapa.

— Tungeleta, alisema Vitesse.

Ndipo Bibiane mwenyewe akashuka. Alikuwa na kitambaa cheusi kichwani, ndara miguuni, na mikono yake ilikuwa na udongo hadi kwenye viwiko.

— Mulilalaje, bapapa?

— Tulilala, maman. Pole tena.

— Aksanti. Papa Grégoire, mulichagua nini?

— Tuko tunachagua, mama yangu. Bado kidogo tu.

— Muchague yoyote, mi sijue mambo ya kriki. Mi niko natafuta jiwe tu.

— Jiwe gani?

— Ile ya David. Ya bulu. Siku tulipaka mulango, alibakisha rangi, akaipaka. Alikuwa anaitia nyuma ya gurudumu, kila siku, hata gari ikisimama kidogo. Ile asubuhi mi mwenyewe nilimuona anaitia, kisha akaenda Nyawera. Batu banasema kriki, kriki. Kriki ilianguka kwa sababu gari ilitembea, na ile jiwe ilikuwa ya kuikataza kutembea. Nimetafuta cour yote, nimechimbua mpaka ndani ya mufereji. Nani kati yenu aliiona?

Cascadeur alisogeza mguu wake mmoja, kisha wa pili, hadi ule ubavu wa bluu ukafunikwa na viatu vyake. Formule naye akasogeza miguu yake karibu na ya Cascadeur. Mimi nilikuwa natafuta kichwani nani alilileta, na nilichokumbuka ni sauti, huenda yangu, huenda ya Vitesse, ikisema asubuhi ile ile ya Alhamisi, David akiwa bado Nyawera, "Mutu alete basi jiwe." Halafu likawa limeletwa. Halafu David akapita akirudi, akatutania, akapanda.

— Hakuna? aliuliza Bibiane.

Vitesse alitikisa kichwa, macho yakiwa kwenye kikombe.

— Sawa. Tutaomba ingine. Muje basi, gari iko inangoja.

Huku kwetu mwanaume habaki ameketi mbele ya mwanamke mwenye kilio. Bibiane alituangalia mmoja mmoja, safu nzima, migongo wima, miguu imebanana mbele ya benchi.

— Mbona hamusimame?

Maman Bintu alimimina kahawa ya mwisho kwenye vikombe vyetu bila kututazama usoni. Alivijaza mpaka ukingoni, na hakuna tone lililomwagika.