Kadi Ipi?

Ndani ya basi, kaka wa bibi harusi alibonyeza kitufe cha kamera kwa mara ya ishirini. Kimya. Yeye ndiye aliyemkataa mpiga picha wa kukodi, akajigamba kwamba harusi ya dada yake ataipiga picha mwenyewe.

"Utakitoboa," alisema mama mmoja aliyeketi naye, mshonaji, futi ya kupimia nguo shingoni. "Soma kioo. Kimeandika hakuna kadi."

"Kadi ninayo, mama!" Akachomoa ile ya mwaliko, yenye maua ya dhahabu.

Mama aliitazama kwa utulivu wa kutisha. "Haya, baba, iingize tuone. Ya kuhifadhia picha iko wapi?"

Ilikuwa nyumbani, kwenye kompyuta.

"Mungu akusitiri," mama akasema.

Basi likasimama mbele ya ukumbi. Bibi harusi alikuwa ameshawapanga mashangazi mlangoni, na wote walikuwa wameanza kutabasamu.