Sinia la Mwalimu Rafika

Siku ile, kwenye benchi la saruji linalotazamana na lango la chekechea, mtaa wa juu mjini Kef, karibu na mpaka wa Algeria, walikuwepo Ami Tijani, aitwaye Redio kwa kuwa hakuna habari isiyompitia. Ami Beshiri, aitwaye Mizani, aliyepima ngano ghalani miaka thelathini. Hamma muuza kahawa. Na Naziha, aliyekaa pembeni kabisa amempakata binti yake wa miaka mitano, Rihab. Ilikuwa saa nne asubuhi, baridi inauma. Rihab alikuwa ametolewa darasani tena, kwa siku ya nne mfululizo. Miguu yake ilikuwa ikipiga benchi bila kupumzika, na Redio alikunja koti lake akaliweka nyuma ya visigino vya mtoto visiumie.

— Leo kafanya nini? akauliza Hamma.

— Kapanda juu ya meza, akajibu Naziha. Halafu kamsukuma mwenzake.

— Mwezi uliopita mbona alikuwa anatulia?

— Mwezi uliopita lilikuwepo sinia.

Wote walilijua sinia lile. Mwalimu Rafika alilitengeneza mwenyewe kwa ajili ya watoto wasioweza kukaa: chenga za ngano, zile za kusokotea kuskusi, kazitia rangi kwa maji ya bitiruti, kaficha ndani vifungo na kokoto. Rihab alizamisha mikono mpaka kwenye viwiko, akatafuta, akamimina, na baada ya robo saa alirudi kitini akaandika kama wenzake. Kisha mtu aliona chenga nyekundu kwenye pipa la taka. Wazazi na wazee wa mtaa wakatia saini karatasi ya kupinga ngano kuchezewa, na sinia likafungiwa stoo.

— Mimi nilitia saini, akasema Mizani. Sifichi. Mkate nikiukuta chini nauokota, naubusu, nauweka juu ya ukuta. Itakuwa ngano ya kuchezea?

— Ndiyo maana mvua haiji, akasema Redio. Mawingu yanafika hapa, yanaona sinia, yanakwenda zao Algeria.

— Acha uongo, wewe! akasema Mizani. Mvua imeanza kukosekana kabla mwalimu hajazaliwa.

— Yalijua atazaliwa.

Hamma alicheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Tatizo si mvua, akasema. Mkono ukizoea utotoni kuchezea ngano, ukubwani unachezea hazina ya serikali. Chunguzeni wezi wakubwa wote, walianza na sinia.

— Na ile rangi, akaongeza Redio, inapita kwenye kucha inaingia damuni. Mtoto akikua anakuwa mtu wa hasira.

— Huyu alikuwa na hasira kabla ya rangi, akasema Mizani. Akamtazama Rihab, akatoa tende mfukoni, akaifuta kwa leso, akampa. Shika, kipenzi. Toa kokwa kwanza.

Rihab akaanza kuitafuna. Naziha alitaka kumchukia mzee yule kwa saini yake, akashindwa.

Redio akashusha sauti.

— Sikilizeni. Mkurugenzi wa chekechea kasema hivi: kama itathibitika zile chenga zilikuwa mbovu, hazifai kuliwa, hakuna kosa, sinia lirudi. Mwisho leo adhuhuri. Lakini mwalimu kagoma kusema alizitoa wapi. Anasema alipewa na mtu, akamwahidi kutomtaja.

— Basi alizinunua dukani, nzima kabisa, anaona aibu, akasema Mizani.

Naziha aliinamia nywele za mtoto. Mtu huyo alikuwa yeye. Mama mkwe wake alimletea gunia la chenga kutoka shambani kwake, ngano aliyoivuna na kuisagisha mwenyewe, Naziha akalisahau kwenye unyevu mpaka likaingia fukusi. Akalibeba alfajiri kwa mwalimu. “Usimwambie mtu,” alimwomba, na Rafika akamshika bega: “Ni siri yetu, dada.” Kwenye mkutano wa kutia saini mama mkwe alikuwa kakaa kiti cha mbele. Naziha hakufungua kinywa.

— Salaam alaykum.

Alikuwa mama mkwe mwenyewe, Bibi Jannat, amekuja na shali la sufu.

— Nimesikia wamemtoa tena. Nikasema baridi hii, mjukuu wangu ataganda nje.

Akamfunika Rihab, akayafikicha mabega ya Naziha pia, polepole, kama anayemwosha mtoto mchanga. Wazee wakamsogezea nafasi, wakamsimulia yote, mvua na hazina ya serikali zikiwemo. Aliwasikiliza mpaka mwisho.

— Mbona mnazunguka? akauliza. Zilitoka nyumba gani?

Redio akamtazama Mizani. Mizani akamtazama Hamma. Hamma akafunua birika akachungulia ndani.

— Aliyempa mwalimu anajua, akasema Bibi Jannat. Aseme tu, mtoto arudi darasani. Kuna ugumu gani?

Kiganja chake kilikuwa bado begani kwa Naziha, kina joto. Naziha akafungua midomo.

— Kahawa imekwisha, akasema Hamma.

— Twende nyumbani, Mama, akasema Naziha. Rihab anasikia baridi.

Wiki iliyofuata mwalimu Rafika alihamishiwa shule nyingine, upande wa Siliana. Rihab alikaa nyumbani mpaka Septemba.