Anayefua Nguo za Fundi

Ndani ya basi la kwenda mtaa wa Kinama, Fatouma alikaa karibu na fundi aliyejaa vumbi jeupe, aliyetoka kuvunja paa kuukuu la asbesto. Hakuweza kunyamaza.

"Baba, bati za asbesto muzilowanishe kwanza. Vumbi yake inaharibu mapafu. Sisi familia zenye wagonjwa wa vumbi hiyo tunapita kwa mafundi wote tukisema hivyo."

Fundi akacheka. "Mama, mi niko na miaka makumi mbili mu kazi hii. Sijakohoa hata siku moja."

"Bwana yangu naye ni fundi wa paa, na hajakohoa mpaka leo." Kikohozi kikamkatiza Fatouma, kama kawaida yake, akangoja kipite. "Mi ndiye nilikuwa namufulia nguo. Zako anafua nani?"

Basi likasimama. Fundi akashuka, akaenda nyumbani na vumbi lake.