Mechi ya Ngapi: Kumkumbuka Nelius Njoki wa Manyatta

Wasikilizaji wapendwa, karibuni, ingieni, nafasi ipo. Aliye shambani aiegemeze redio kwenye mgomba. Aliye dukani amwambie mteja angoje kidogo. Mimi ni Lennox Mwenda, na leo sauti yangu imekwaruza. Jumamosi nilikuwa mazishini Manyatta, pale karibu na mji wa Embu. Tuliimba, tukasimama juani, tukashika sepetu. Nimechoka, siwafichi. Hii ni kumbukumbu ya tatu tangu mwezi huu uanze. Ningeweza kumpa mwenzangu asome. Lakini hii ya leo lazima niisome mwenyewe, na mtajua kwa nini.

Tunamkumbuka Nelius Njoki. Wengi tulimwita Mama Winfred. Alikuwa muuza mitumba wa soko la Manyatta, na kwa miaka kumi na mmoja alikuwa mwandikaji wa alama za besiboli, kuanzia Mikinduri kule Tigania hadi Siakago kule Mbeere. Alifariki Jumanne ya wiki juzi. Alikuwa na miaka hamsini na minne.

Najua kuna mtu anauliza, besiboli na mitumba zinakutana wapi? Zilikutana ndani ya belo, lile furushi la nguo. Mama Winfred alifungua belo asubuhi moja akitafuta sweta za watoto. Akatoa kitu kama mkono wa jitu, cha ngozi, kinene, kimejazwa pamba. Alikiweka mezani wiki tatu. Mwingine alisema ni cha kushikia sufuria ya harusi. Mwingine alisema ni cha kurina asali. Siku ya soko akapita mwalimu mmoja kutoka Mikinduri, mwalimu Mithika, akakishika kile kitu kama mtu aliyempata ng'ombe wake aliyepotea. Akakinunua bila kuomba apunguziwe. Mama Winfred hakuwa mtu wa kuacha jambo kama hilo lipite. Mwanawe Winfred anasema, "Mama hakulala. Mtu anunue kitu bila kubishana? Alisema lazima aende aone hicho kitu kinafanya nini."

Akaenda Mikinduri. Akakuta vijana uwanjani. Mmoja anarusha mpira, mwingine ameshika gongo anangoja kuugonga, na nyuma ya mwenye gongo kuna kijana amechuchumaa, amevaa kile kitu cha ngozi cha mezani kwake, kumbe ni glavu. Huyo ndiye mdakaji. Kila mpira usiogongwa ni wake. Anachuchumaa mechi nzima, anainuka, anarusha, anachuchumaa tena. Na zamu yake ikifika, naye anashika gongo apige kama wengine. Nasema tena kwa aliyechelewa kuwasha redio: mdakaji anachuchumaa mechi nzima, halafu anatakiwa apige kama wale waliosimama.

Mama Winfred alimwangalia yule mdakaji siku nzima. Akasema, "Huyu anafanya kazi ya mwanamke. Ameinama tangu asubuhi na hakuna anayemuona."

Tangu siku hiyo akawa na daftari. Jalada jekundu, kalamu imefungwa kwa uzi wa cherehani. Kila mdakaji alikuwa na ukurasa wake. Amesimama na gongo mara ngapi, amegonga vizuri mara ngapi. Watu wa uwanjani, nanyi mnawajua, mimi nikiwa wa kwanza, tulipenda kusema fulani ni butu, fulani hawezi kupiga, muondoeni. Mama Winfred alikuwa anainua kalamu. "Usimlinganishe aliyechuchumaa na aliyesimama. Mdakaji linganisha na mdakaji." Hiyo ilikuwa sheria yake. Mtu akibisha alimwambia achuchumae hapo, mbele ya watu, hadi mechi iishe, ndipo waongee. Hakuna aliyefika nusu. Mimi nilijaribu. Nilibebwa.

Sasa twende mwaka jana, mwezi wa nane. Timu moja ilikuwa inachaguliwa kutoka Meru na Embu kwenda mashindano Nairobi. Nafasi ya mdakaji ilikuwa moja. Wanaume walikuwa wawili. Kailemia wa Mikinduri, mkulima wa miraa, mrefu, mcheshi, kila mtu ni rafiki yake. Na Nthiga wa Siakago, fundi wa mawe, ambaye ukimsalimu anaitikia kesho yake. Watu waligawanyika. Sokoni Manyatta ugomvi ulifika hadi kwa wauza viazi. Makocha wakasema, basi, twende kwa daftari la Mama Winfred.

Alikaa na daftari akajumlisha. Kailemia: alisimama na gongo mara hamsini, akagonga vizuri mara kumi na sita. Hiyo ni thelathini na mbili kwa kila mia. Nthiga: alisimama mara tisini, akagonga vizuri mara ishirini na saba. Hiyo ni thelathini kwa kila mia. Thelathini na mbili kwa thelathini. Kailemia akaenda Nairobi.

Na mimi nilisoma redioni. Hapa hapa, kwenye kiti hiki. Nilisema, "Kailemia anamshinda Nthiga, na hesabu haidanganyi." Niliyapenda hayo maneno. Niliyarudia wiki nzima. Huko Siakago yakawa fimbo. Nthiga akibishana bei ya mawe, anaambiwa nyamaza, hesabu haidanganyi. Akimsuta mtu aliyeruka foleni ya maji, anaambiwa hesabu haidanganyi. Mwezi wa tisa Nthiga alitundika vifaa vyake vya magotini kwenye banda la mbuzi. Akaacha kucheza.

Mwezi wa kumi, mteja alimrudishia Mama Winfred shati. Lilikuwa limechanika kwapani. Mama Winfred aliona haya, maana alisifika kwa kuchagua. Nguo ya meza yake hukagui. Winfred alikuwepo, na anasimulia hivi: "Mama alimuuliza yule mzee, ulinunua saa ngapi? Mzee akasema alasiri. Mama akasema, asubuhi nisingeliacha hili. Alasiri mgongo umeniuma, naliangalia na silioni. Akalikunja lile shati. Akaniambia, Winfred, niletee daftari."

Wasikilizaji wapendwa, sikilizeni hapa pole pole. Kutoka Siakago hadi Mikinduri ni safari. Timu ikishasafiri hivyo haichezi mechi moja irudi. Zinachezwa mbili, siku hiyo hiyo. Mechi ya kwanza asubuhi, ya pili baada ya chakula. Na Jumamosi ni siku ya miraa. Miraa ikishachumwa haingoji, na gari la miraa halimngojei mtu. Kwa hiyo Kailemia alikuwa anacheza mechi ya kwanza, anavua glavu, anakimbia kufunga mzigo wake. Mechi ya pili alidaka mwingine. Hakuna aliyeona ajabu, sisi sote ni watu wa huku, tunajua miraa. Lakini Nthiga hakuwa na mtu wa kumpokea. Nthiga alichuchumaa mechi ya kwanza, akala, akachuchumaa ya pili.

Mama Winfred alikuwa ameandika kila kitu sawasawa. Daftari halikukosea. Yeye ndiye alikosea alipojumlisha. Alichukua asubuhi za Kailemia, akazilinganisha na asubuhi na alasiri za Nthiga. Yule mwanamke wa "usimlinganishe aliyechuchumaa na aliyesimama" alikuwa amemlinganisha mwenye magoti mapya na mwenye magoti yaliyokwisha.

Alikuja hapa studio siku hiyo hiyo. Alipanda gari kutoka Embu hadi Meru, na miguu yake tayari ilikuwa inavimba. Nataka niseme kwamba nilimpokea. Nilimsalimu. Studio ilikuwa imejaa wageni, tulikuwa na ile habari ya harusi iliyovunjika bibi arusi akiwa tayari amevaa, mnaikumbuka, simu zilikuwa zinaingia kama mvua. Nikamwambia, mama, wiki ijayo. Akaja wiki iliyofuata. Kulikuwa na jambo lingine. Akakaa pale mlangoni kwa muda wa saa mbili, mfuko magotini. Nilipotoka aliniambia maneno ambayo nimeyabeba tangu hapo. Hakuwa na hasira. "Mwenda, wewe ulisema kwa redio. Kosa lililosemwa kwa redio mimi siwezi kulirekebisha sokoni."

Nikamwambia nitalisoma. Mwezi wa kwanza mwaka huu alimtuma Winfred na karatasi. Niliiweka kwenye droo hii. Droo hii hapa, kulia kwangu. Sikuwa na ubaya naye. Nilikuwa nimechoka, na kusema nilikosea ni kazi ambayo mtu huiacha hadi alasiri.

Figo zake zilishindwa mwezi uliopita. Alilazwa wiki tatu. Winfred anasema kule hospitalini aliomba simu mara mbili tu. Ya kwanza alimpigia Kailemia. Alimwambia, "Mwanangu, wewe unapiga vizuri. Lakini nafasi nilikupa kwa hesabu mbaya. Usinichukie." Ya pili alimpigia Nthiga. Nthiga, mnamjua, alisikiliza hadi mwisho. Halafu akasema, "Mama, nilijua nimechoka. Sikujua kuna mtu aliandika."

Jumamosi walikuja wote wawili Manyatta. Nilikuwa nimesimama nyuma ya hema, karibu na sufuria, mahali pangu pa kawaida pa kupatia habari. Watu walikuwa wananong'ona, hawa watasalimiana kweli? Kailemia alimwendea Nthiga kwanza. Akamwambia kwamba alipokuwa Nairobi alichezeshwa mechi ya pili, na kufikia mwisho wake gongo lilikuwa zito kama mti. Akasema, "Kama ningecheza zile alasiri huku nyumbani ningepiga ngapi, mimi sijui. Hata mama hakujua." Nthiga akamjibu, "Ungepiga mbili." Kailemia akacheka hadi akashika hema. Na Nthiga akatabasamu, watu wangu, nimeona kwa macho haya.

Kisha jeneza likashushwa, vijana wakashika sepetu. Kwa kawaida mtu anatupa udongo kidogo, anampa mwenzake. Nthiga alishika na hakuachilia. Alifukia kama anavyojenga, bila haraka. Jua lilipopanda, mtu akamnong'oneza Kailemia kwamba magari ya miraa yanaondoka. Kailemia alitazama saa yake. Akavua koti, akamshika Nthiga bega, akachukua ile sepetu. Nthiga akakaa chini kwenye nyasi. Kailemia akafukia hadi kaburi likajaa, na mzigo wake siku hiyo ukabaki shambani.

Wasikilizaji wapendwa, nimefungua droo. Hii ndiyo karatasi ya Mama Winfred, mwandiko wake mwenyewe. Aliomba isomwe mara mbili, na isomwe kabla ya timu ya mwaka huu kuchaguliwa. Timu inachaguliwa Jumamosi hii, Embu. Nasoma.

Mechi za kwanza pekee. Kailemia, mara hamsini, amegonga kumi na sita. Ni thelathini na mbili kwa mia. Nthiga, mara hamsini, amegonga kumi na nane. Ni thelathini na sita kwa mia. Mechi za pili. Kailemia hakucheza. Nthiga, mara arobaini, amegonga tisa. Ni ishirini na mbili na nusu kwa mia, na hiyo ni miguu, si mikono.

Narudia. Mechi za kwanza: Kailemia thelathini na mbili, Nthiga thelathini na sita. Mechi za pili: Nthiga peke yake.

Chini ameandika, "Mimi Nelius Njoki nilijumlisha vibaya. Nthiga asamehe." Na mimi Lennox Mwenda naongeza mkono wangu. Nilisoma vibaya, na nilikalia marekebisho miezi saba. Walio Siakago, ile fimbo niliwapa mimi. Irudisheni kwangu.

Kwa Winfred, kwa wajomba na shangazi zake wote, kwa akina mama wa mitumba waliofunga meza zao siku mbili, kwa wachezaji wa Mikinduri na Siakago: poleni sana. Mungu awashike mkono. Meza yake pale sokoni itabaki na Winfred, na daftari pia.

Nasi tuliobaki, tunapenda kulinganisha. Mtoto wa huyu na mtoto wa yule. Bibi wa huyu na bibi wa jirani. Mwalimu huyu na yule aliyehama. Tunalinganisha asubuhi hadi jioni, na mimi nakula kwa kazi hiyo. Leo kabla ya kusema fulani anamshinda fulani, tuulize kwanza swali la Mama Winfred: hiyo ilikuwa mechi ya ngapi?

Nthiga, sijui kama redio iko karibu na banda la mbuzi. Jumamosi wanaanza kuchagua saa tatu asubuhi.

Mama Winfred, imesomwa.