Agrafa Ni Vingapi?

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 21 Februari 2025, saa kumi na dakika ishirini alasiri, Evanthia alipoketi kwenye benchi la mkahawa wa Asimina, pale ukuta unapohifadhi jua. Alikuwa na digrii ya lugha na usingizi haba. Baraza la kijiji lilikuwa limemwachia mstari mmoja wa kuchongwa kwenye jiwe la njia panda: jina la nchi yao ya milimani, Agrafa, limetoka wapi. Fundi aliutaka kesho yake, na kosa la jiwe halifutiki. Akawauliza wazee waliozoea benchi hilo.

— Rahisi, binti yangu, alisema Vaios mfuga mbuzi, aitwaye Radi kwa sauti yake. Maana yake “visivyoandikwa”. Karani wa Mturuki, aliyetutawala zamani, alipanda huku kuandika watu wa kodi, theluji ikamfika kiunoni, akarudi na daftari tupu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Ndiyo maana sisi hatukupotea!

— Methali yako inakukana, wewe! alidakia Thomakis, tarishi mstaafu, ambaye kijiweni huitwa Mwanasheria. Karani alifika, daftari likajaa. Babu wa babu yangu akaliiba.

— Akalificha wapi? aliuliza Radi.

— Akawalisha mbuzi. Mwaka mzima maziwa yalitoka meusi kwa wino!

— Mbuzi wenu hao! Wetu wangelisoma kwanza.

Evanthia hakucheka.

— Lakini jina liko katika wingi, wazee wangu. Ni sifa tu. Jina halisemi ni vitu gani hivyo visivyoandikwa.

— Wingi si hoja, alisema Radi. Haba na haba hujaza kibaba.

Mlangoni alikuwepo mwanamke mgeni, koti la mjini, akingoja kahawa yake.

— Samahani, kama ni vijiji, ni vijiji gani hivyo? Mama yangu alizaliwa Kserolaka. Nacho kimo?

Radi na Mwanasheria wakaanza kuhesabu kwa vidole. Walitaja kumi na vinne, kimoja mara mbili, wakakwama. Kserolaka hakuna aliyekijua.

— Asimina, ongeza kahawa! aliita Radi.

— Imeisha. Kama maneno yenu.

Evanthia akampigia fundi simu: asubiri. Kisha akaanza kugonga mlango mmoja baada ya mwingine, akiulizia vijiji vilivyosahaulika.

Asubuhi yake ilikuwa Jumamosi ya Marehemu, siku ambayo kila nyumba humpelekea padri ngano iliyochemshwa na karatasi ya majina ya wafu wake, ayasome kanisani. Evanthia akatoa yake.

— Mbona hawa siwajui?

— Ni vijiji, baba. Vilivyohamwa. Anza na Kserolaka.

Padri akasoma. Kila aliponyamaza kuvuta pumzi, bibi mmoja nyuma alitaja kijiji kingine, na Evanthia, wima katikati ya kanisa, akakiandika.